Sensa ya oksijeni ya waidibendi: dalili, vyanzo na marekebisho

Mteja anaingia gereji na Subaru Forester yake ya turbo, hata hajazima gari, anasema: "Fundi, sensa imekufa, nimeshaagiza nyingine." Huwa namwomba asubiri kidogo kabla hajalipa. Katika magari niliyoletewa kwa maneno hayohayo, sensa yenyewe mara nyingi ilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, uliobanwa juu ya rangi, au gasketi ya ekzosi inayovuja, au umeme uliochukuliwa mahali pasipofaa. Mtu akifunga sensa mpya juu ya ubovu huo, tatizo linarudi siku hiyohiyo, na wakati mwingine linaondoka na sensa mpya.

Mwongozo huu wa waidibendi, sensa inayopima oksijeni kwenye moshi ili kujua uwiano wa hewa na mafuta, umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na chanzo cha juu kabisa, kwa sababu ndicho kinachotokea zaidi na ndicho rahisi kukagua. Usiruke hatua.

Humu ndani nikisema mchanganyiko mzito, namaanisha mafuta yamezidi hewa. Mwepesi, hewa imezidi mafuta. Kwa petroli ya kawaida mstari wa katikati ni 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Chini ya hapo ni mzito, juu yake ni mwepesi.

Sensa inavyofanya kazi

Sensa ya oksijeni ya zamani, ile ya waya moja hadi nne, inajua kusema "yamezidi" au "yamepungua" tu. Waidibendi inatoa namba kamili. Ndani yake kuna seli mbili za kauri: moja inapima oksijeni, nyingine inasukuma oksijeni kuiingiza au kuitoa mpaka ile ya kwanza itulie kwenye milivolti 450. Kidhibiti, kile kifaa kinachoendesha sensa, kinapima ni umeme kiasi gani umetumika kusukuma, na huo ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye geji. Kazi hii haifanyiki kwenye baridi. Sensa ya Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo inayotumiwa na vifaa vingi vya sasa, inafanya kazi kauri ikiwa na joto la karibu 780 °C, na joto hilo linatoka kwenye hita iliyo ndani yake.

Kumbuka hayo mambo mawili, hita na umeme mdogo wa kusukuma, kwa sababu karibu kila dalili hapa chini inarudi kwenye mojawapo.

Sensa inatoka na nyaya tano lakini soketi yake ina nafasi sita. Ndani ya soketi kuna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja tu. Ndiyo maana hairuhusiwi kukata soketi ili kurefusha waya au kuunga moja kwa moja. Ukiikata, umetupa kipimo cha sensa yako. Waya ukiwa mfupi, nunua waya wa kuunganishia ulio mrefu zaidi, ule wa upande wa kidhibiti.

Rangi kwenye LSU 4.9 ni hizi: kijivu na nyeupe ni hita, nyekundu ni ya kusukuma, nyeusi ni ya kupima, njano ni ya pamoja. Ya kijani utaikuta upande wa kidhibiti tu, inakwenda kwenye ile rezista. Rangi za nyaya zinazotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye gari zinatofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Hapo soma kitabu cha kifaa chako, usikisie.

Geji haiwaki kabisa, au inazima ukipiga stata

Anza na fyuzi. Itoe, ipime kwa mita, usiiangalie kwa macho tu. Kisha weka mita kwenye waya chanya wa kidhibiti na bodi ya gari, funguo ikiwa imewashwa. Hakuna volti 12? Rudi nyuma kwenye waya mpaka uzikute.

Kama geji inawaka vizuri lakini inazima na kuanza upya kila unapopiga stata, umeme wake umetoka kwenye laini ya redio. Laini hiyo inakatwa wakati stata inazunguka. Sensa inaanza kupashwa, inakatwa, inaanza tena. Siyo usumbufu wa macho peke yake. Kauri inapanda na kushuka joto ghafla bila sababu.

Makosa mengine ninayoyakuta ni umeme kuchukuliwa kwenye waya wa koili, kwenye taa, au kwenye waya mwembamba wa kiberiti ambao tayari una chaja za simu mbili. Hita inapoanza kupasha inavuta ampea kadhaa. Waya ule unalemewa, volti zinashuka, kidhibiti kinalalamika.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo, ya peke yake. Pini 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda kwenye kidhibiti, 85 kwenye ethi, na 86 ipate ishara ya kuwasha. Mimi ishara hiyo naichukua kwenye laini ya pampu ya mafuta, kwa ajili ya kuamsha rilei tu, siyo kubeba mzigo. Pampu huamka kidogo unapowasha funguo, kisha inaendelea injini inapozunguka. Hivyo hita haikai inawaka nusu saa mtu anaposikiliza mziki na injini imezimwa. Fyuzi iwe ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu; kwa vifaa vingi ni kati ya ampea 5 na 10.

Fyuzi ikiungua ukaweka nyingine nayo ikaungua, acha hapo. Usipandishe hadi 20 "ili ivumilie". Kuna waya chanya umegusa bodi, mara nyingi pale unapopita kwenye bati la kutenganisha injini na dashibodi bila mpira wa kuukinga. Fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba ni moto chini ya dashibodi. Na kama katika kutafuta umeme umefika kwenye nyaya zenye mfuko wa njano chini ya usukani, hizo ni za eabegi. Usizitoboe, usizipime. Mpigie fundi umeme.

Geji inawaka lakini inasema kosa la hita, au haimalizi kupasha

Kwa kawaida sensa inahitaji nusu dakika hivi kupata joto. Ikipita dakika moja geji ikiwa bado inahesabu au inaonyesha msimbo wa kosa, kwanza sukuma soketi ya sensa mpaka ulimi wake ulie. Utashangaa. Soketi hiyo mara nyingi iko chini ya gari, imefungwa kwa kupapasa, na mtu ameridhika ilipoingia nusu.

Ikiwa imeingia vizuri, ichomoe, sensa ikiwa ya baridi, na upime omu kati ya kijivu na nyeupe upande wa sensa. Sensa nzima ya LSU 4.9 inasoma omu 3 na kitu. Mita ikisema hakuna njia kabisa, hita imekatika, na hapo kweli unahitaji sensa nyingine. Ukitaka kuthibitisha rezista, pima kati ya nyekundu na nafasi ya tano ya soketi, ile inayokutana na waya wa kijani: inapaswa kuwa kati ya omu 30 na 300.

Usipime omu kwenye zile pini nyingine. Mita inapopima omu inapitisha umeme wake yenyewe, na seli ya kauri haikutengenezwa kuupokea. Nimeona sensa nzima ikiharibiwa na upimaji.

Hita ikiwa nzima, kagua volti zinazofika kwenye kidhibiti wakati inapasha, siyo kabla. Waya wenye terminali mbovu utaonyesha volti 12 safi ukiwa hauna mzigo, halafu ushuke hadi 9 hita inapovuta. Pima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya kidhibiti wakati huo: tofauti isizidi nusu volti.

Geji inasoma mwepesi wakati wote

Hii ndiyo dalili inayonipa shida zaidi kuwaeleza watu, kwa sababu geji haidanganyi. Inaona oksijeni, na inakuambia imeiona. Swali ni oksijeni hiyo imeingilia wapi.

Chanzo cha kwanza ni uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa. Watu wanafikiri tundu linatoa moshi tu. Linatoa, ndiyo, lakini kati ya mapigo ya injini bomba linavuta, na hewa ya nje inaingia. Kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, moshi ukiwa mdogo, tundu la ukucha linatosha kuharibu usomaji kabisa. Ukikanyaga mafuta moshi unakuwa mwingi, na kosa linapungua. Kwa hiyo geji ikisoma 17 kwenye sailensi na kukaribia ukweli ukikanyaga, usifungue kompyuta ya kutyunia. Ingia chini ya gari.

Ninavyotafuta: gari ikiwa imelala usiku kucha, naiwasha na kupitisha mkono karibu na gasketi za manifoldi, maungio ya turbo, na nati ya sensa yenyewe, ile iliyochomelewa kwenye bomba ili sensa ifungwe humo. Bado ni baridi, kwa hiyo una kama dakika moja au mbili kabla mkono haujalalamika. Pale panapovuja utasikia pumzi ndogo inagonga kiganja, tap tap tap, na mara nyingi kuna mstari mweusi wa masizi kama umechorwa kwa penseli. Usipopata, zima gari, pulizia hewa ya presha ndogo kwenye bomba la nyuma, na umwage maji ya sabuni kwenye kila ungio. Mapovu yatakuonyesha. Mara mbili nimekuta tundu liko kwenye nati ya sensa, aliyechomelea ameacha kitobo cha pini upande ambao hakuona.

Chanzo cha pili ni gari kumisi. Silinda isiyowaka inatupa nje hewa yake yote na mafuta yake yote. Sensa inaona oksijeni, haihesabu petroli ambayo haikuungua, inasema mwepesi. Mtu anaongeza mafuta, plagi zinalowa zaidi, gari inamisi zaidi, geji inazidi kusema mwepesi. Kabla ya kugusa mafuta, hakikisha plagi, koili na nyaya zake ni nzima.

Chanzo cha tatu ni mahali pa sensa. Ikiwa karibu sana na mwisho wa bomba, hewa ya nje inarudi ndani. Ikiwa baada ya masega ya kusafisha moshi, masega yameshabadilisha oksijeni na namba siyo ya injini tena. Kwa gari isiyo na turbo iweke mbele ya masega, sentimita 45 au zaidi kutoka kwenye mlango wa ekzosi. Kwa ya turbo, iwe baada ya turbo, nayo isogee nyuma kati ya sentimita 45 na 90. Kabla ya turbo pana joto kali na presha, na presha peke yake inapotosha usomaji.

Na mwisho kabisa, inawezekana ni kweli. Pampu ya mafuta imechoka, chujio limeziba, injekta imeganda. Geji ikionyesha mwepesi ukiwa kwenye boosti, yaani turbo ikisukuma hewa, juu ya 13 hivi kwa injini ya petroli yenye turbo, inua mguu saa hiyohiyo. Usirudie "kuona kama ni kweli". Pistoni inatoboka kwa sekunde, na kurekebisha injini ni bei ya sensa nyingi. Pima presha ya mafuta kwanza, na kama huna geji ya kupimia presha, gari isikanyagwe mpaka ifike kwa mwenye nayo.

Jambo moja lisikutishe: ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, mteremko wa Kitonga kwa mfano, geji itapanda hadi mwisho au kuonyesha mistari. Kontroli boksi, boksi la gari linaloongoza injini, imekata mafuta, injini inapumua hewa tupu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Geji inasoma mzito wakati wote

Hapa mara nyingi ni ukweli: kichujio cha hewa kimeziba, injekta inavuja, sensa ya joto la maji inaiambia kontroli boksi kwamba injini bado ya baridi. Nusa moshi, toa plagi uone kama zimekuwa nyeusi kavu. Zikiwa nyeusi, acha sensa, shughulikia injini.

Zikiwa na rangi nzuri na geji bado inasema 11, fikiria kalibresheni. Vifaa vingine vinataka sensa iwekwe kwenye hewa huru ili vijue oksijeni ya kawaida, asilimia 20.9, inaonekanaje. Mtu akifanya hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, gari nyingine inanguruma pembeni, kifaa kinajifunza uongo. Na uongo huu una tabia yake: kwenye 14.7 huuoni, lakini kadiri unavyokwenda mbali na hapo unakua. Mzito unasomeka mzito kuliko ulivyo. Geji inaonyesha 11.5 ya kukufariji, ukweli uko karibu na 12 au zaidi. Rudia kalibresheni nje, sensa imetolewa kwenye bomba, imening'inia hewani, hakuna moshi wala kopo la petroli karibu. Gari ikihamia kutoka Dar kwenda Nairobi au Mbeya, rudia tena, kwa sababu presha ya hewa juu kule ni ndogo na sensa inaihisi.

Kama kitabu cha kifaa chako kinasema hakihitaji kalibresheni ya hewa, basi kinategemea ile rezista ya kwenye soketi. Rudi uangalie kama kuna mtu aliikata.

Geji imeganda kwenye 14.7

Watu wanafurahi wakiona hii. Mimi inanitia wasiwasi. Umeme wa kusukuma ukiwa sifuri, kifaa kinausoma kama 14.7 kamili. Kwa hiyo waya mwekundu uliokatika unaweza kuonekana kama injini iliyotyuniwa vizuri kuliko zote mjini. Vidhibiti vingi vizuri vinagundua na kutoa msimbo, siyo vyote.

Kipimo ni rahisi: kanyaga mafuta ghafla, kisha achia. Namba ya kweli inatikisika, inazama, inaruka juu. Ikikaa palepale kama picha, kagua waya mwekundu na pini zake kabla gari haijaondoka.

Geji inasema hivi, kompyuta inasema vile

Hapa ndipo magari mengi yanapotyuniwa vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kidhibiti kinatuma volti kwenda kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi inazigeuza kuwa namba unayoiona kwenye kompyuta ya kutyunia. Kwa mfano, kifaa kinachotuma volti 0 hadi 5 kwa uwiano wa 7.35 hadi 22.39 kinabeba karibu alama 3 za uwiano katika kila volti moja. Maana yake kosa la volti 0.1, ambalo hata hulioni kwenye mita ya bei rahisi, linahamisha usomaji kwa 0.3.

Forester moja iliyokuja kwangu geji ilisoma 11.8 na kompyuta ikasoma 12.2. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha sensa mara moja. Niliweka ncha moja ya mita kwenye ethi ya kontroli boksi na nyingine kwenye ethi ya kidhibiti, injini ikinguruma. Volti 0.13. Nikafuata waya: aliyefunga alitumia skrubu ya dashibodi, bati lina rangi, na kwenye skrubu hiyohiyo amebana ethi ya redio na ya taa za mapambo. Umeme wa hita ulikuwa unarudi kupitia skrubu hiyo na kupandisha ethi ya kidhibiti chote. Tulipowasha taa kubwa, tofauti ilipanda zaidi mbele ya macho yake. Nilihamisha ethi hadi kwenye bolti ileile ya injini inayotumiwa na kontroli boksi, nikakwangua chuma mpaka king'ae. Geji na kompyuta zikasema kitu kimoja.

Kwa hiyo, kwanza kabisa: ethi. Pima kutoka hasi ya betri hadi ethi ya kidhibiti wakati hita inapasha. Iwe chini ya volti 0.1. Kama kifaa chako kina ethi mbili, moja ya hita na moja ya ishara, kila moja ipelekwe kitabu kinaposema. Usizisokote pamoja ili kuokoa waya.

Ya pili: hesabu ya kugeuza volti kuwa uwiano iliyoingizwa kwenye kompyuta siyo ya kifaa hicho. Kifaa kimoja kinatuma 0.5 hadi 4.5 kwa 8.5 hadi 18, kingine kinatuma kama nilivyosema juu. Unazitofautishaje na ethi mbovu? Linganisha sehemu mbili. Angalia tofauti kwenye sailensi karibu na 14.7, kisha iangalie ukiwa umekanyaga karibu na 12. Tofauti ikiwa ileile kote, ni ethi. Ikiwa inakua au inapungua, ni hesabu.

Mpaka namba hizi mbili zikubaliane, mtu asiguse ramani ya mafuta, yaani jedwali la kontroli boksi linaloamua kiasi cha mafuta. Hili silegezi kwa mteja yeyote. Na upimaji wa barabarani ufanywe na watu wawili, dereva aangalie njia, mwingine ashike kompyuta.

Namba zinarukaruka

Zikiruka kwa mpigo wa injini, angalia waya wa ishara unapita wapi. Ukiwa umefungwa pamoja na nyaya za koili au altaneta, utenge. Zikiruka unapopita kwenye matuta, ni pini iliyolegea au waya uliochunika. Shika waya na uutikise kipande kwa kipande injini ikinguruma mpaka uupate. Kwenye sailensi peke yake, rudi kwenye uvujaji na kumisi.

Taa ya injini imewaka baada ya kutoa sensa ya kiwandani

Ushauri wangu wa kwanza ni usiitoe. Chomelea nati ya pili, M18 x 1.5, acha ya kiwandani palepale.

Kama umeshaitoa, kuna mambo mawili. Kontroli boksi inatafuta hita ya sensa yake, haiioni, inatoa msimbo kama P0135. Pili, inatafuta ishara. Vidhibiti vingi vina waya wa pili unaoiga sensa ya zamani, na kwa magari yenye sensa ya zamani unafanya kazi. Lakini Toyota na Subaru nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zilikuja na sensa ya mbele ambayo tayari ni ya aina ya waidibendi. Nyingi za Toyota, kwa mfano, zina volti 3.3 kwenye waya mmoja na 3.0 kwenye mwingine. Ukiipelekea kontroli boksi hiyo ishara ya kuiga ya volti 0.1 hadi 1, haielewi kitu. Rudisha sensa ya kiwandani, hakuna njia ya mkato hapo.

Sensa zinakufa moja baada ya nyingine

Ya kwanza kufa ni bahati mbaya. Ya pili, kuna kitu kinaziua.

Muuaji mkubwa ni sensa kukaa kwenye ekzosi bila umeme. Kijana mmoja alichomelea nati, akafunga sensa, akaendesha wiki kadhaa akisubiri kidhibiti kifike bandarini. Ilipotoka ilikuwa nyeusi tii, vitobo vya kofia vimezibwa na masizi. Sensa ya baridi haiwezi kujisafisha. Kama kidhibiti hakipo, ziba nati kwa bolti na sensa ibaki kwenye boksi lake.

Anayefuata ni maji. Asubuhi bomba lina matone ya unyevu, na tone moja kwenye kauri yenye joto la mamia ya digrii linaipasua. Sensa iwe upande wa juu wa bomba, ncha ikiangalia chini, imeinuka walau digrii 10 kutoka usawa. Ikiwekwa chini ya bomba, maji yanakaa ndani yake, na masika yakifika Dar ukapita kwenye dimbwi, ganda lake la nje nalo linapigwa. Mwambie pia anayeosha gari asipige presha ya maji kwenye ekzosi ya moto.

Joto nalo: moshi usizidi 930 °C kwenye ncha, na kichwa cha spana cha sensa kisizidi 600 °C. Ikiwa imebanwa karibu na turbo, isogeze nyuma.

Halafu sumu. Kofia yenye unga mweupe ni silikoni, mara nyingi ile ya kuzibia inayopakwa kila mahali bila kuangalia kama imeandikwa ni salama kwa sensa, au ni maji ya rejeta yanayopita gasketi ya silinda hedi. Wekundu kama kutu unatokana na dawa za kuongeza oktani zenye manganizi. Utauona hata kwenye plagi. Ukoko wa kahawia ni oili. Kubadilisha sensa bila kuondoa chanzo ni kuilisha injini sensa.

Na ikianguka kwenye sakafu ya zege, hata kama haina alama, usiiamini. Ndani ni kauri.

Kwenye kufunga, kaza kati ya Nm 40 na 60, grisi ya nyuzi iwe kwenye nyuzi tu na isifike kwenye ncha. Ndani ya soketi usipulizie dawa ya kusafishia terminali wala kupaka grisi.

Kazi ya kuchomelea nati mpe fundi wa kuchomelea, bomba likiwa limetolewa kwenye gari. Mabomba ya mafuta yanapita jirani, na cheche haichagui. Ikilazimika kufanyika bomba likiwa bado kwenye gari, toa vichwa vya betri, ondoa sensa, chomoa kidhibiti, na mtu asimame na kizimamoto mkononi mpaka chuma kipoe.